Lenzi za Jichoni: Usihesabu Miaka, Tazama Rushdi



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu,

Kila mwaka mtihani wa PLE unapomalizika mwezi wa Novemba, na watoto wa P7 wanapokaa nyumbani wakisubiri kuingia S1 mwezi wa Februari, huanza msimu wa maombi. Huyu anataka saa, yule anataka viatu, na siku hizi wapo wenye kuvaa miwani ambao wanataka kuiacha na kuvaa lenzi za jichoni, zile ambazo vijana huziita kontakti. Baba akikataa, huambiwa kuwa fulani wa jirani anazo. Mama akikubali, hulala na wasiwasi. Mwishowe swali huletwa kwa mwalimu wa madrasa baada ya swala ya Isha: "Ustadhi, mwanangu ana miaka kumi na tatu. Umri wake unatosha?"

Kupima macho ni kazi ya wataalamu wake, nasi tunawaachia wao. Lakini kujua kama mtoto yuko tayari kukabidhiwa kitu chenye faida na hatari pamoja, hilo si la daktari peke yake. Ni jambo la malezi, na mafaqihi wetu wamelizungumza kwa karne nyingi. Rai yangu ni kwamba tunauliza swali lisilo lenyewe. Tunauliza miaka, na tunalopaswa kuuliza ni rushdi, yaani ule upevu wa akili unaomfanya mtu aweze kulinda alichopewa. Na rushdi haisomwi kwenye cheti cha kuzaliwa, bali hupatikana kwa kujaribiwa.

LENZI NI KITU GANI?

Lenzi ya jichoni ni kipande kidogo chembamba kinachokaa juu ya konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho. Lenzi za kwanza zilikuwa za kioo. Daktari Adolf Fick alizieleza mwaka 1888, nazo zilikuwa kubwa na nzito, mtu akizivumilia kwa muda mfupi tu. Lenzi laini tunazozijua leo zilitokana na kazi ya mwanakemia wa Czechoslovakia, Otto Wichterle, ambaye mwishoni mwa mwaka 1961 alizitengeneza nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kuunganisha vyuma. Mwaka 1971 ziliruhusiwa kuuzwa Marekani, kisha zikaenea duniani.

Jambo moja la kuelewa ni kuwa konea haina mishipa ya damu. Hupata sehemu kubwa ya hewa yake moja kwa moja kutoka nje, kupitia machozi. Ukiweka lenzi juu yake, hewa hupungua kidogo. Ukilala nayo, kope zikafunga, hewa hupungua zaidi, na vijidudu vilivyonaswa chini ya lenzi hupata nafasi. Kwa hiyo kuvaa lenzi si kama kuvaa saa. Ni kazi ya kila asubuhi na kila usiku, na haina siku ya mapumziko.

MIAKA HAITOI JIBU

Wazazi wengi wanadhani upo umri fulani ambao wataalamu wote wamekubaliana kuwa chini yake ni marufuku. Haupo. Watoto wachanga waliozaliwa na mtoto wa jicho, wakaondolewa kwa upasuaji, huweza kuvishwa lenzi wakiwa na miezi michache tu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa miaka 8 hadi 12 na vijana wa miaka 13 hadi 17 waliokuwa wakianza lenzi. Wadogo walihitaji takriban dakika 15 zaidi za kuhudumiwa, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kuwafundisha kuweka na kutoa. Baada ya hapo waliweza, na matatizo yalikuwa machache katika makundi yote mawili. Novemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha lenzi maalumu za kupunguza kasi ya kuharibika kwa macho yasiyoona mbali, kwa watoto wanaoanza kuzitumia wakiwa na miaka 8 hadi 12.

Basi mzazi anayesema "mpaka utimize miaka kumi na minane" hana hoja ya kitabibu. Lakini anayesema "wataalamu wameruhusu miaka minane, basi mpe" naye hajamaliza hesabu. Yule mchanga wa miezi michache havai lenzi kwa rushdi yake. Anavalishwa na mama yake, na mama ndiye anayezitoa na kuziosha. Na wale watoto wa utafiti walifundishwa, wakafuatiliwa na kuitwa tena kupimwa. Umri ule uliwezekana kwa sababu mtu mzima alikuwa karibu. Wetu je, nani atakuwa karibu naye?

FIQHI INATUFUNDISHA KUJARIBU

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wameamrishwa wawajaribu mayatima hao mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao rushdi ndipo wawakabidhi mali zao. Tazameni vizuri, ndugu zangu. Kubaleghe peke yake hakukutosha. Jamhuri ya wanavyuoni wamesema mali haikabidhiwi kwa aliyebaleghe bila rushdi. Imam Abu Hanifa aliweka kikomo, nacho ni miaka 25.

Na wanavyuoni hawakuiacha rushdi ielee hewani. Imam Nawawi katika Minhaj at-Talibin ameeleza kuwa mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kuuza na kununua, wa mkulima katika mambo ya shamba, na msichana katika kazi za nyumbani za zama zile, mpaka katika kukilinda chakula kisiliwe na paka. Na jaribio lirudiwe mara mbili au zaidi. Yaani mtoto hujaribiwa kwa kitu kinachofanana na kile atakachokabidhiwa, na haangaliwi mara moja tu.

Sasa kama ndiyo tahadhari iliyowekwa kwa mali, ambayo ikipotea hutafutwa nyingine, jicho je?

JARIBIO LA LIKIZO

Kwa hiyo mtoto akiomba lenzi, usiseme ndiyo wala usiseme hapana. Sema: "Tutajaribu." Likizo ile ya kusubiri S1 inatosha, au muhula mzima kwa anayesoma akitokea nyumbani. Angalia mambo haya manne.

Kwanza, miwani yake. Akilala huiweka wapi? Huisafisha kwa kitambaa chake au kwa pindo la kanzu? Ameivunja au kuipoteza mara ngapi kwa mwaka? Asiyetunza miwani, ambayo inaonekana na kushikika, hatatunza kitu chepesi kuliko ganda la kitunguu.

Pili, mikono na kucha. Je, anaosha mikono kwa sabuni na kuikausha bila kukumbushwa? Kucha zake ni fupi? Mtoto wa madrasa anatia udhu mara tano kwa siku, lakini hilo halitoshi kwa lenzi, nami nitalieleza hapo mbele.

Tatu, usiku. Asubuhi kila mtoto ni hodari. Mtihani ni saa nne za usiku, amechoka, umeme umekatika, amerudi harusini. Je, bado anapiga mswaki bila kusukumwa? Kuna njia rahisi ya kumpima. Mpe kikopo kidogo chenye vifungo viwili vya shati. Kila asubuhi aoshe mikono, aikaushe, afungue kikopo, avitoe. Kila usiku aoshe tena, avirudishe, aweke alama kwenye kalenda ukutani. Siku thelathini, wala wewe usimkumbushe hata mara moja. Mwisho wa mwezi kalenda itasema yenyewe, wala hutahitaji kugombana naye.

Nne, na hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni ukweli. Akivunja kikombe, anakuambia au anaficha vipande? Akiumwa, anasema siku ya kwanza au mpaka azidiwe? Jicho la mvaa lenzi likianza kuuma, siku moja au mbili zina uzito mkubwa. Mtoto anayeogopa kusema, kwa kuhofia kunyang'anywa lenzi au kukemewa kwa gharama, ataficha. Na hapa mzazi ajijaribu mwenyewe pia. Kama nyumbani kwako anayesema kweli hupigwa, basi mtoto wako hayuko tayari, na kasoro si yake.

KWA NINI ANAZITAKA?

Muulize, kisha umsikilize mpaka amalize. Zipo sababu njema. Mvulana anayecheza mpira, miwani ikianguka kila akikimbia. Msichana anayecheza netiboli. Anayesujudu na miwani ikateleza puani. Hizi ni sababu za kweli.

Ipo pia sababu ya haya. Mtoto anaitwa "macho manne", anaivua miwani akifika darasani, na anakaa nyuma bila kuona ubao. Alama zake zinashuka, nasi tunasema ni mvivu. Marekani ulifanyika utafiti wa miaka mitatu kwa watoto 484 wenye miaka 8 hadi 11, wengine wakipewa miwani na wengine lenzi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Katika kujithamini kwa jumla hapakuonekana tofauti kati ya makundi hayo. Lakini waliovaa lenzi walijiona vizuri zaidi katika sura, katika michezo, na katika kukubalika na wenzao.

Matokeo haya yana funzo kwa pande zote mbili. Mzazi asidharau ombi la mtoto na kusema ni upuuzi, kwani lipo linalobadilika. Na mtoto asidhani lenzi zitampa moyo mpya, kwani thamani ya nafsi haikutoka kwenye lenzi. Anayetukanwa kwa miwani anahitaji kwanza watu wazima wakomeshe matusi hayo, shuleni, madrasani na nyumbani, maana mara nyingine jina hilo hutoka kwa kaka zake mwenyewe. Na miwani isiyomkaa vizuri ibadilishwe. Mara nyingi fremu inayolingana na uso wake humaliza shauri lote.

Na kama aliyetaka lenzi ni mzazi na si mtoto, jambo liishe hapo. Hakuna mtoto atakayetunza kila usiku kitu ambacho hakukiomba.

MAJI NA UDHU

Hili ndilo wengi hawalijui, na linatuhusu sisi Waislamu kuliko wengine kwa sababu uso wetu unakutana na maji mara nyingi kwa siku.

Lenzi na maji havipatani. Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya ziwa, hata maji yaliyochemshwa ya kunywa, yote hayafai kuoshea wala kuhifadhia lenzi. Ndani ya maji ya kawaida huishi aina ya amiba iitwayo Acanthamoeba. Ukiyanywa hayakudhuru kwa hilo, lakini amiba huyo akinaswa kati ya lenzi na konea huweza kuila konea. Maumivu yake ni makali, matibabu huchukua miezi, na wapo waliopoteza uwezo wa kuona. Kule Marekani walio wengi sana katika wanaopatwa na ugonjwa huu ni wavaa lenzi. Mate nayo ni hivyo hivyo. Wapo vijana wanaolowesha lenzi mdomoni, na mdomo umejaa vijidudu.

Basi udhu je? Alhamdulillah, jambo ni jepesi. Ndani ya jicho si sehemu ya uso inayowajibika kuoshwa katika udhu, kwa hiyo lenzi si kizuizi kama ilivyo rangi ya kucha, na mtu halazimiki kuivua. Afumbe macho akiosha uso, kisha apanguse maji kwa kitambaa safi kabla ya kuyafumbua. Utaratibu mzuri kwa mwanafunzi ni huu: aoge na kutia udhu wa Alfajiri kwanza, kisha ndipo avae lenzi akienda shule. Adhuhuri na Alasiri atie udhu akiwa nazo, macho yamefumbwa. Akirudi nyumbani azivue, avae miwani, na Maghribi na Isha jicho lake liwe limepumzika. Akienda kuogelea, iwe bwawani au Ziwa Viktoria kule Entebbe, lenzi zibaki nyumbani.

Na lile nililoahidi kuhusu mikono: kijana akitoka kutia udhu hudhani mikono yake ni safi, na ni safi kwa swala. Lakini imelowa maji, na maji ndiyo tunayoyakimbia. Kabla ya kugusa lenzi aoshe kwa sabuni, asuuze, akaushe kabisa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Wasichana wanaopaka wanja waweke lenzi kwanza ndipo wapake, na waivue kabla ya kuufuta wanja. Unga wa wanja ukiingia chini ya lenzi hukwaruza. Ama saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 liliamua kuwa matone ya jicho hayafunguzi. Kwa hiyo mtoto asiache matone aliyoandikiwa kwa sababu ya Ramadhani. La kuogopa zaidi katika mwezi huo ni kuamka kwa daku, kuvaa lenzi, kisha kurudi kulala nazo.

BWENINI

Sasa tufike pale ambapo wengi hawatapenda rai yangu. Watoto wetu wengi hapa Uganda wakianza S1 huingia shule za bweni. Orodha ya shule ina godoro, ndoo, dumu la maji, sanduku. Mzazi anapoongeza lenzi kwenye orodha hiyo afikirie yanayofuata.

Bwenini wanalala wengi chumba kimoja. Maji huchotwa kwa ndoo. Kengele ya alfajiri ikilia kila mtu anakimbia, na usiku taa huzimwa kwa saa maalumu. Simu haziruhusiwi. Mzazi humwona mtoto siku ya kutembelewa, pengine mara moja kwa muhula. Hapo nani atajua kuwa dawa ya kuoshea lenzi imekwisha tangu wiki iliyopita? Nani atajua kuwa mtoto anaongezea dawa mpya juu ya ile ya jana ili isimalizike haraka? Na wenzake wakiona lenzi, hasa zikiwa za rangi, watataka kujaribu nao. Mwezi wa Machi 2024 tuliona jinsi macho mekundu yalivyoenea nchini, yakaingia hata mashuleni. Tulijifunza jinsi taulo na mikono ya pamoja inavyosafirisha maradhi ya macho. Lenzi ya pamoja ni mbaya zaidi.

Tena tukumbuke hesabu ya kulala nazo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta maambukizi ya konea kwa takriban watu 2 katika kila 10,000 kwa mwaka, kwa wanaovaa lenzi laini mchana na kuzivua usiku. Kwa wanaolala nazo ilikuwa takriban 20 au zaidi. Ni lenzi zile zile. Kinachobadilika ni kuvua au kutovua, mara kumi. Na mtoto wa bwenini, taa zikizimwa ghafla, ndiye aliye karibu zaidi na kulala nazo.

Kwa hiyo rai yangu kwa mtoto wa bweni wa S1 na S2 ni kwamba aende na miwani, na miwani ya akiba ndani ya sanduku. Lenzi, kama amefaulu jaribio, zivaliwe likizoni mbele ya macho ya wazazi. Huku si kurudi kwenye kuhesabu miaka. Mtoto wa miaka 12 anayelala nyumbani anaweza kuwa tayari, na wa miaka 15 aliye bwenini asiwe tayari, kwa sababu ya mahali alipo. Najua wapo wanaoishi nazo bwenini salama. Kama mzazi ameshaamua hivyo, basi ziwe zile za kuvaa siku moja na kutupa, ambazo hazihitaji kikasha wala dawa ya kuoshea, matroni na muuguzi wa shule wajulishwe, na miwani isikosekane.

MFUKO WA MZAZI

Miwani hununuliwa mara moja, na ikitunzwa hukaa mpaka macho yabadilike. Lenzi ni matumizi yasiyokwisha. Za kutupa kila siku ni lenzi 730 kwa mwaka kwa macho mawili. Za mwezi ni 24, pamoja na dawa ya kuoshea kila mara, na kikasha kipya angalau kila miezi mitatu. Hatari ya umaskini hapa si kukosa lenzi, kwani miwani ipo. Hatari ni kuanza, kisha pesa ikapungua, na mtoto akavaa lenzi ya mwezi mmoja kwa miezi minne bila kusema kitu, kwa kuwahurumia wazazi wake. Asiyeweza gharama ya mwaka mzima asianze. Na hilo si aibu. Kumnunulia mtoto miwani nzuri na kumpeleka kupimwa kila mwaka ni kutimiza haki yake kikamilifu.

WALIO NA UHITAJI

Yote haya ni kwa anayeziomba kwa hiari. Wapo watoto ambao kwao lenzi ni tiba. Mtoto ambaye konea yake inachongoka kama koni, miwani hufika mahali ikashindwa, na lenzi ngumu maalumu ndizo zinazompa kuona. Yupo pia ambaye macho yake mawili yametofautiana sana kwa nguvu. Kwa hawa jaribio si mlango wa kumzuia. Daktari akisema anazihitaji, azipate, na rushdi inayotakiwa ni ya mlezi, kama kwa yule mchanga. Mzazi ndiye atakayesimama kila asubuhi na kila usiku mpaka mtoto aweze.

Kwa upande wa pili wapo ambao wasubiri hata kama wamefaulu kila jaribio. Mtoto ambaye macho yake yanawasha na kuwa mekundu kila msimu wa vumbi, akayasugua mchana kutwa, atibiwe mzio huo kwanza. Na lenzi za rangi zinazouzwa madukani pamoja na vipodozi, bila jicho kupimwa, hizo nasema wazi kuwa ni za kukataa. Wanavyuoni wamezungumza kuhusu hukumu ya mapambo haya, na walioruhusu wameweka sharti la kutokuwa na madhara. Lenzi isiyopimwa haijatimiza sharti hilo.

Kupima kufanywe na wenye elimu yake. Tunavyo vitengo vya macho vya Mulago na vya hospitali ya Mengo, na Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya upimaji wa macho mwaka 2014, kwa hiyo wataalamu vijana wa hapa hapa nyumbani wapo.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Kila mwenye lenzi na kila mzazi wake azihifadhi kama anavyohifadhi Suratul Fatiha: jicho kuwa jekundu, kuuma, kuogopa mwanga, kutoa uchafu, au kuona ukungu. Ikitokea hata moja, vua lenzi saa hiyo hiyo, usiirudishe, na umpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Chukua lenzi na kikasha chake, daktari atavihitaji. Usipitie duka la dawa kununua matone kwa kubahatisha, kwani yapo yenye steroidi ambayo hutuliza wekundu huku kidonda kikiendelea kuchimba. Kidonda cha konea kikipona vibaya huacha chamba cha jicho, na chamba hicho hakifutiki kwa matone.

Ndugu wazazi, macho ya watoto ni amana mikononi mwetu mpaka siku tutakapowakabidhi wenyewe. Tuwakabidhi kwa utaratibu tuliofundishwa: tuwajaribu, turudie, tuone rushdi, kisha tuwape kwa moyo mweupe. Na nyinyi vijana, ukiambiwa "bado" usinune. Kalenda ipo ukutani, kikopo kipo mezani, na jibu liko mikononi mwako, ilimradi mikono hiyo iwe mikavu.

Allah awahifadhie watoto wetu macho yao, na awajaalie wayatumie katika kusoma yenye manufaa. Aamiin.

Wallahu a'lam.